Sproketi ya nyuma ya pikipiki ya zamani: ipi ununue ukiwa Nairobi, na ipigweje ribiti

Meno ya sproketi ya nyuma yakishapinda kama ndoana, na ukivuta cheni kwa vidole inaachana na jino mpaka mwanga unapita, hakuna tena kusubiri. Mwenye boda boda huingia Kirinyaga Road, hununua sproketi na cheni yake, hukaza bolti chache akarudi kazini. Sisi wenye pikipiki za Uingereza za miaka ya 1940 na 1950 tuna kibarua kingine, kwa sababu katika baadhi yake sproketi imepigwa ribiti, yaani pini za chuma zinazofuliwa kichwa kwa nyundo, kwenye dramu ya breki. Vua gurudumu uangalie mwenyewe kabla hujatoa pesa: nyingine ni ribiti, nyingine bolti, nyingine meno na dramu ni chuma kimoja.

Ninazipanga njia hizi kwa kipimo kimoja tu: inaitendeaje dramu? Sproketi ni ya kuliwa na kubadilishwa, kama viatu vya breki. Dramu yenye miaka 70 ikiharibika, utaitafuta mpaka uchoke.

Ya kwanza kwangu ni pete mpya ya meno, yaani sproketi yenyewe bila dramu, iliyokatwa kwa modeli yako, kuagizwa kutoka kwa wauzaji wa spea za pikipiki za zamani huko Uingereza, kisha ipigwe ribiti hapa hapa. Ni ghali, na kifurushi kikifika kina ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake. Lakini matundu yanalingana, kitovu kinakaa sawa, na dramu haiguswi na moto. Muuzaji mpe idadi ya meno, saizi ya cheni, kipenyo cha tundu la katikati, na umbali kati ya matundu ya ribiti yanayotazamana. Usitegemee jina la pikipiki peke yake. Gurudumu huenda lilibadilishwa kabla hujazaliwa.

Ya pili, na inaikaribia sana ya kwanza, ni pete ya kukerezwa hapa mjini. Kariobangi Light Industries kuna mafundi wa kukereza wanaoiweza. Wapelekee dramu yenyewe na cheni mpya, si picha kwenye simu. Omba chuma cha kaboni ya wastani, kile wanachokiita EN8; bamba laini la kutengenezea mageti litakatika meno vizuri na kuliwa upesi. Fundi akipendekeza akate katikati ya sproketi ya boda boda aitumie, pima kwanza. Cheni nyingi za boda ni 428, ambazo pini hadi pini ni milimita 12.7. Pikipiki kubwa za zamani mara nyingi hutumia cheni ya milimita 15.875. Hizo mbili hazikutani, hata ukibembeleza.

Ya tatu ni dramu mpya kamili. Wenye Royal Enfield Bullet, kwenu hii inapanda hadi nambari moja: India iliendelea kuiunda Bullet miaka mingi baada ya Uingereza kuacha, na dramu yake huja na meno 38 tayari, hakuna ribiti. Kwa wengine, angalia ubora kwa makini.

Dramu ya mtumba ninaiweka ya nne. Nunua tu ukiwa na kipimo mkononi: pima kipenyo cha ndani sehemu tatu au nne, na uigonge kwa nyundo ndogo ikiwa imening'inia. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Ya mwisho, na ningependa isingekuwepo, ni kujaza meno kwa welding au kuichomelea pete kwenye dramu. Niliikubali mara moja, nikiharakia Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Nikiteremka kutoka Limuru, breki ya nyuma ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara moja kila mzunguko. Joto lilikuwa limeivuta dramu ikapoteza mviringo. Tuliikereza ndani ikapona, lakini imebaki nyembamba, na mimi ndiye niliyeipunguza.

Sasa ribiti, maana pete nzuri huharibiwa hapa. Usimruhusu mtu atoe za zamani kwa tindo. Mshindo wake unaweza kuipasua dramu. Kichwa kisagwe, katikati itiwe alama, keekee ipite, kisha kilichobaki kisukumwe nje. Ribiti mpya ziwe za chuma kitupu kisicho na uwazi ndani, si zile za alumini za kuvuta kwa bastola. Matundu ya zamani mengi ni ya inchi. Tundu la robo inchi ni milimita 6.35, kwa hiyo ribiti ya milimita 6 itacheza humo. Bora ukereze zako. Zipashe moto ziwe nyekundu, zizike kwenye majivu zipoe polepole, zitakubali nyundo. Acha shina lichomoze mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 9 hadi 10 hapa.

Kichwa cha chini kikae kwenye chuma chenye kishimo, kimebanwa kwenye jiriwa. Piga moja, kisha inayotazamana nayo, usizunguke kwa mfuatano. Mapigo ya kwanza ni ya kunenepesha shina mpaka lijaze tundu; kichwa huja baadaye. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka kugongagonga hadi mlio mmoja mzito, kama fuawe. Hapo imeshika.

Bolti badala ya ribiti? Nakubali tu ikiwa matundu yamesawazishwa na shina lisilo na nyuzi linaingia kwa kubana, na kichwa hakigusi kitu.

Cheni ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kwa ile ya milimita 15.875, pingili 16 zikivutwa ni milimita 254; zikifika 259 imekwisha, na itaila pete yako mpya. Baada ya kilomita mia moja, inua gurudumu ugonge kila ribiti. Inayotoa sauti tofauti na wenzake, itoe upige mpya.