Tathmini ya LawHub: Mazoezi ya LSAT kwa Aliyekwisha Kuanguka Mara Mbili

Nimeitumia huduma ya mazoezi ya LawHub kwa miezi kumi na moja nikiwa hapa Houston, na ninaitathmini kama mtu aliyefanya mtihani wa LSAT mara tatu, mara mbili za kwanza nikiambulia alama ambazo hadi leo sijawaambia wakwe zangu. LSAT ni mtihani ambao vyuo vingi vya sheria vya Marekani na Kanada huutumia kuwachuja waombaji, na alama zake huanzia 120 hadi 180. Mwezi Septemba 2024 nilipata 146. Mwezi Novemba, baada ya kujifunza kwa bidii zaidi, nikashuka hadi 145.

Kabla ya kuizungumzia LawHub sina budi kueleza fedha zangu zilikopotelea. Januari 2024 nililipa dola 900 kwa kampuni moja inayouza kozi za maandalizi mtandaoni, ambayo sitaitaja, na karibu miezi minne ya kozi hiyo ilitumika kunifundisha mafumbo ya mpangilio: nani akae karibu na nani, basi lipi litangulie lipi. Mafumbo hayo yaliondolewa kwenye LSAT kuanzia Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya mwaka 2019 yaliyotokana na kesi ya watahiniwa wasioona, ambao kwa haki kabisa walilalamika kwamba hawawezi kuchora michoro inayotegemewa na wenzao. Mabadiliko hayo yalikuwa yametangazwa tangu Oktoba 2023. Mimi nilikusudia kuufanya mtihani wa Juni, wa mwisho wenye mafumbo, lakini fedha za usajili zikaenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mama, na hilo silijutii. Nilipoiomba kampuni angalau inibadilishie masomo, nilijibiwa kwamba siku 30 za kurudishiwa fedha zilikwisha kupita, jibu la kitu ambacho sikukiuliza.

LawHub inaendeshwa na LSAC, taasisi ileile inayoutunga mtihani, na hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa, kwa sababu maswali yake ni yale yaliyowahi kuulizwa kweli na si ya kuigiza. Akaunti ya bure ina mitihani michache kamili, na anayelipa ada ya mwaka, ambayo kwangu ilikuwa dola 120, hufunguliwa zaidi ya mitihani 50. Ukurasa wa mazoezi unafanana na utakaouona siku yenyewe: saa inahesabu dakika 35 za kila sehemu, onyo linajitokeza zikibaki dakika 5, na kuna vifaa vya kupaka rangi mistari na kukata majibu usiyoyataka. Sehemu ni nne, mbili za hoja, moja ya ufahamu, na nyingine isiyohesabiwa ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi, na baada ya sehemu ya pili kuna mapumziko ya dakika 10. Katika mtihani wangu wa kwanza, nilioufanya asubuhi nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, dakika hizo 10 nilizilala nikiwa nimekaa.

Kosa langu baada ya Novemba lilikuwa kudhani kwamba dawa ya alama ndogo ni kufanya mitihani mingi zaidi, kwa hiyo nilipojiunga nilifanya sita katika wiki tatu na yote ikanipa 144 hadi 147. Kilichonitoa hapo ni uwezo wa kuufanya mtihani uleule bila saa. Nilianza kuirudia kila sehemu kwa utulivu kabla ya kufungua majibu, huku nikiandika kwenye daftari kwa nini kila jibu nililolikataa nimelikataa, na ndipo tu nikalinganisha na jibu sahihi ambalo LawHub inalionyesha kando ya lile ulilochagua. Kwa mwendo huo, mtihani mmoja ulinichukua karibu wiki nzima.

Katika daftari hilo niligundua kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Makosa yangu mengi ya hoja hayakutokana na Kiingereza kigumu, bali na maneno mepesi kabisa niliyokuwa nikiyasoma kwa masikio ya Kiswahili. Nikisema “baadhi ya wageni wamefika”, kila anayenisikia huelewa kwamba wengine bado wako njiani. Neno la Kiingereza linaloshika nafasi hiyo, kwa kanuni za LSAT, lina maana ya angalau mmoja, na halikatazi hata kidogo kwamba huenda wamefika wote. Tena kwetu mtu anaweza kusema “wageni wote hawakufika” akimaanisha kwamba hakufika hata mmoja, ilhali mtihani huu hutenganisha kwa ukali “hakuna aliyefika” na “si wote waliofika”, na hupenda kuyaweka majibu hayo mawili yakiwa yamekaa jirani. Nilihesabu makosa 19 ya aina hiyo katika mitihani minne. Nilibandika maneno hayo na maana zake kwenye mlango wa jokofu, mke wangu akaniuliza ni wageni gani hao wasiofika kila siku.

Mapungufu yapo. Nguvu ya LawHub ni mazoezi kuliko mafunzo, na mtu asiyejua kabisa hoja hujengwaje atahitaji kitabu au mwalimu pembeni, vinginevyo atakuwa akiyahesabu makosa yake bila kuyaelewa. Simu ya mkononi haifai kwa kazi hii. Sehemu ya ufahamu inataka kioo kipana. Gharama nazo hazikomi kwenye ada hii, kwa kuwa usajili wa mtihani wenyewe ulinigharimu dola 238 kila safari ya mwaka 2024. Mwenye kipato kidogo aombe msamaha wa ada wa LSAC kabla hajalipa chochote, kwa maana kilichokwisha kulipwa hakirudishwi, na anayekubaliwa hupewa pia LawHub ya kulipia. Akumbuke vilevile kwamba majaribio yana kikomo, matano ndani ya kipindi ambacho LSAC bado huripoti alama zako kwa vyuo na saba kwa maisha yote, kwa hiyo kwenda “kuonja tu” mtihani halisi, kama nilivyoshauriwa na mbeba boksi mwenzangu, ni anasa.

Juni 2025 nilipata 158. Si alama ya kuingilia Harvard, lakini inatosha kwa vyuo viwili nilivyoviomba hapa Texas, na kimoja kimekwisha kuniandikia.

Naipa LawHub nyota nne kati ya tano. Anayeanza leo amalize kwanza mitihani yote ya bure ndipo afikirie zile dola 120. Mimi nilipolipa, mmoja wa bure nilikuwa bado sijaugusa.