Matembezi ya Ujiji: saa ya pili ndiyo ya kulipia

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu 18 wa kidato cha tatu kwenye matembezi ya historia ya Ujiji, yanayoongozwa na mwalimu mstaafu wa kike anayetoza shilingi 3,000 kwa mwanafunzi. Saa ya kwanza iliishia kwa Livingstone, Stanley na mwaka 1871, habari ambazo mtoto wa Kigoma huzijua kabla ya kujua kuogelea, na sikuona sababu ya kuzilipia.

Thamani ya huduma hii imo katika saa ya pili, pale mwalimu anapowaketisha wageni chini ya miembe na kulinganisha maisha ya vijakazi wa huku na ya wanawake Waafrika waliotumikishwa katika makoloni ya Waingereza huko Marekani. Hakuanza na mijeledi. Alianza na jina: msichana wa miaka ipatayo 7, aliyeshushwa Boston mwaka 1761, akaitwa Phillis kwa kuwa meli iliyomleta iliitwa hivyo, na hata alipokuja kuwa mshairi alibaki na jina la meli.

Alipofika kwenye sheria ya mwaka 1662 ya Virginia, mojawapo ya makoloni hayo, minong'ono ilikoma. Kwa desturi ya Waislamu wa huku, mtoto ambaye suria alimzalia bwana, baba akimkubali, alihesabiwa muungwana, yaani mtu huru. Virginia iliamua mtoto afuate hali ya mama, hata kama baba ni bwana mwenyewe, ilhali mazoea ya Waingereza yalikuwa mtoto kumfuata baba.

"Kwa hiyo, Mwalimu, akimwingilia kwa nguvu anapata faida?" aliuliza msichana mmoja.

"Ndiyo, mwanangu. Anaongeza mali."

Nilipenda kwamba hakuisifu desturi yetu, akikumbusha kuwa suria naye hakuulizwa. Aliendelea na madhila ya kila siku: kumnyonyesha mtoto wa bibi, mke wa bwana, huku wako akilia pembeni mwa shamba, na kuvaa kitambaa kigumu unachokatiwa kwa kipimo. Alikaa zaidi kwa Elizabeth Freeman wa Massachusetts, aliyekinga kwa mkono pigo la koleo la moto ambalo bibi yake alimkusudia kijakazi mwenzake, kisha akaliacha jeraha wazi na kuwajibu waliouliza kwamba wamuulize bibi. Mwaka 1781 alishtaki, akashinda, akawa huru.

Kasoro ipo katika mpangilio wa nyakati. Anarcha, aliyepasuliwa mara nyingi bila ganzi na daktari mmoja wa Alabama katika miaka ya 1840, alitajwa kana kwamba aliishi zama moja na utoto wa Phillis, na ilinibidi nilirekebishe jambo hilo darasani. Viti pia hakuna; tuliketi juu ya mizizi.

Nimemwomba kwamba safari ijayo aanzie kwenye miembe. Amekubali, kwa bei ile ile.