Jezi ya Denmark ya 1986, namba 11: nimeifua mara sita

Nianze na kilichonikera kabla hata sijalipa. Mgongoni, juu ya namba 11, wamebandika jina LAUDRUP, yaani Michael Laudrup, mwanasoka wa Denmark. Kwenye Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1986 hakuna mchezaji aliyevaa jina mgongoni. Kombe hilo lilianza kuonyesha majina 1994, na mwaka huo Denmark haikufuzu. Nilimwambia muuzaji, akacheka, akasema bila jina wateja hawanunui.

Ni duka dogo la jezi za zamani hapa Copenhagen, mtaa wa Nørrebro, unashuka ngazi kuingia chini ya jengo. Nilitoa kroner 400. Halisi iliyotengenezwa na Hummel wakati ule ingenimaliza mshahara, kwa hiyo hii ni nakala, na anayeiuza hafichi. Nusu nyekundu, nusu nyeupe yenye vistari vyembamba vyekundu, na vile vishale vya Hummel vikishuka kutoka begani. Nimevihesabu: mkono wa kulia viko tisa, wa kushoto vinane. Mimi ni dobi wa hoteli, mambo kama hayo hayanipiti.

Sasa kitambaa. Ni poliesta nyepesi, haipitishi hewa vizuri, ukipanda nayo baiskeli mlima kidogo tu mgongo umelowa. Mshono wa katikati, pale nyekundu inapokutana na nyeupe, umepigwa vizuri kuliko nilivyotarajia, uzi mara mbili. Ufuaji wa kwanza, maji ya digrii 30, jezi ndani nje, ikachuja rangi. Upande mweupe ukawa wa waridi hafifu. Niliirudisha kwenye maji baridi papo hapo kabla haijakauka, ikatoka karibu yote. Kuanzia ufuaji wa tatu imetulia. Ukiinunua, usiichanganye na nguo nyingine hata soksi, na chukua saizi moja juu ya yako.

Kwa nini basi ninaithamini? Kwa sababu ya mzee wa ghorofa ya chini yangu. Aliniona nimeianika kwenye baranda akapanda ngazi kuniuliza. Alikaa jikoni kwangu saa nzima akinisimulia lile bao dhidi ya Uruguay, tarehe 8 Juni 1986, mechi iliyoisha 6-1. Laudrup, kijana wa miaka 21, siku saba kabla ya kutimiza 22, anawapita mabeki kwa chenga, anamzunguka kipa, anafunga. Mzee alitumia chumvi na pilipili kunionyesha mabeki, kipa akawa bakuli la sukari. Siku kumi baadaye Hispania iliwapiga 5-1 na safari ikaishia hapo. Hilo hakulionyesha kwa chumvi.

Dukani palikuwa na jezi nyingine za Laudrup. Ya Barcelona, alikochukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, 1991 hadi 1994, na Kombe la Ulaya la vilabu la 1992. Ya Real Madrid, alikohamia baada ya kuachwa nje ya fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Athens 1994 kwa sababu wageni walioruhusiwa kucheza ni watatu tu. Barcelona ikalala 4-0 kwa Milan. Januari 1994 alikuwa upande wa Barcelona walipoifunga Madrid 5-0. Januari 1995 alikuwa Madrid, wakaifunga Barcelona hizohizo tano. Ukinunua zote mbili sijui utaziweka kabati moja.

Jezi ambayo hutaipata kwa jina lake ni ile ya Denmark ya kombe la mataifa ya Ulaya 1992. Alikuwa ameacha timu ya taifa kwa kutokubaliana na kocha Richard Møller Nielsen juu ya uchezaji. Denmark ikaitwa dakika za mwisho badala ya Yugoslavia, ikatwaa kombe Gothenburg, mdogo wake Brian akiwa uwanjani. Michael alirudi 1993, na 1995 akafunga penalti Argentina ilipofungwa 2-0 katika fainali ya Kombe la Mfalme Fahd kule Saudi Arabia. Mzee wa chini anasema kombe hilo la pili halihesabiki. Mimi nalihesabu.

Kuna na ya Swansea, klabu ya Wales, nyeupe, kwa wanaomjua kama kocha. Nilikaribia kuichukua. Februari 2013 aliwapa Kombe la Ligi la Uingereza, 5-0 dhidi ya Bradford pale Wembley. Februari 2014 wakamtimua. Kabla ya hapo aliipa Brøndby, klabu ya Denmark, ligi na kombe 2005, msaidizi wake akiwa John Jensen, yuleyule aliyefunga bao la kwanza kwenye fainali ya Gothenburg. Getafe ya Hispania aliifikisha fainali ya Kombe la Mfalme la huko 2008. Lakini jezi ya kocha ni kitu cha ajabu: yeye mwenyewe alisimama pembeni amevaa koti.

Nyota tatu kwa tano. Ningetoa nne kama si ile rangi. Jina nimelibandua kwa pasi na karatasi ya kuokea, taratibu, herufi moja moja. Limebaki alama hafifu ya herufi D, na namba 11 imeshika vizuri.