Mashine ya kupiga polishi gari: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kwa mwenye haraka: nunua DA (mashine ya miendo miwili) inayojizungusha yenyewe, yenye mrusho (upana wa kiduara ambacho pedi inachora) wa milimita 8 hadi 15 na bamba la kubandikia pedi la inchi 5, kisha pesa iliyobaki imalizie kwenye pedi. Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana dukani utaonyeshwa kwanza mashine yenye wati nyingi, na wati ni karibu kitu cha mwisho cha kuangalia.

Tuanze na kile mashine inachokwenda kukata. Magari mengi ya siku hizi hupakwa tabaka kwa tabaka: praima, rangi yenyewe, halafu juu kabisa klia, ile rangi angavu inayoleta mng'ao. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni (elfu za milimita) 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ile mikwaruzo midogo inayofanana na utando wa buibui ukimulika boneti kwa tochi imo ndani ya klia hiyo. Polishi ya kweli haiijazi. Inaichonga klia ya pembeni mpaka ilingane na sakafu ya mkwaruzo, ndipo mwanga unaacha kukatika. Kwa hiyo kila unapofanya kazi hii unakula akiba isiyorudi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, huo umezama mno, utaupunguza makali, hutaufuta.

Basi swali la mnunuzi ni hili: mashine ipi inaondoa kidogo, kwa usawa, hata ikiwa mkononi mwa mtu anayejifunza? Nimezipanga kwa kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza: DA inayojizungusha yenyewe

Ndani yake mota inazungusha ekseli iliyokaa pembeni kidogo ya katikati, na pedi imeshikiliwa na beringi iliyo huru. Matokeo yake pedi inafanya miendo miwili kwa pamoja: inachora viduara vidogo maelfu kwa maelfu kila dakika, na wakati huohuo inajizungusha polepole kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe. Kwa kuwa hakuna sehemu moja ya pedi inayopita njia ileile tena na tena, joto halirundikani mahali pamoja. Ukikandamiza kupita kiasi au ukiilaza upande, mzunguko unasimama na inabaki kutetema tu. Hapo haikati kitu cha maana, lakini pia haikuunguzii rangi. Ndiyo sababu naiweka juu: kosa lake la kawaida ni kukupotezea muda.

Mrusho ni kipenyo cha kiduara ambacho pedi inachora, na ndiyo namba ya kuulizia kwanza. Mrusho wa milimita 8 au 9 unageuka vizuri kwenye fenda, nguzo za milango na bampa zenye mikunjo. Wa 15 unakata haraka zaidi na kuacha uso laini kwenye boneti, paa na milango iliyo bapa, ila pedi husimama upesi ikikutana na mkunjo. Rupes LHR 15 ni mfano unaojulikana wa kundi hili, na namba hiyo kwenye jina ndiyo mrusho wenyewe. Kama gari lako lina mistari mingi ya kuchongwa kwenye mbavu, chukua 8 au 9. Kama ni bapa kama sanduku, 15 itakufurahisha. Ukiwa na shaka, chukua ndogo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi siku ya kwanza. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mnene pembeni mwa bamba. Mashine ikifanya kazi utauona mstari ukizunguka. Ukiuona umetulia unatetema tu mahali pamoja, mzunguko umekufa: punguza mgandamizo, nyoosha mkono pedi ilale bapa, au panda spidi kidogo. Bila mstari huo mtu anaweza kumaliza mlango mzima akidhani anakata, kumbe anaukanda.

Nafasi ya pili: DA ya gia

Hii nayo inachora viduara, ila mzunguko wake unalazimishwa na gia, hivyo hausimami hata ukikandamiza au ukipita juu ya mkunjo. Flex XC 3401 VRG, yenye mrusho wa milimita 8, ni mfano unaojulikana wa aina hii. Inakata kwa nguvu iliyo karibu na ya rotari (mashine inayozunguka tu, bila viduara), bila kuacha alama nyingi kama zake. Kwa rangi ngumu, zile ambazo DA ya kawaida inazizungukia kutwa nzima na mikwaruzo ingalipo, hapa ndipo pa kwenda.

Kwa nini si ya kwanza? Kwa sababu inavuta. Pedi ikigusa pembe upande mmoja, mashine nzima inataka kukimbilia upande huo na mkono unafanya kazi ya kuirudisha. Baada ya saa mbili bega linajua. Tena, kwa kuwa haisimami, ile kinga niliyoisifu hapo juu haipo: ukizembea ukingoni, itaendelea kukata.

Nafasi ya tatu: DA ya mrusho mrefu, milimita 21

Kwa magari makubwa yenye bodi pana, vani na mabasi madogo, mrusho wa 21 wenye bamba la inchi 6 unamaliza eneo kubwa kwa muda mfupi, na uso unatoka laini ajabu. Kwa gari dogo la nyumbani ni mashine kubwa mno kwa bodi iliyopo. Inaishia kufanya kazi boneti na paa, sehemu nyingine zinabaki zikisubiri mashine ya pili.

Nafasi ya nne: rotari

Mafundi rangi watanipinga, na wana haki yao. Rotari inazunguka moja kwa moja kwenye ekseli, haina viduara. Rotari ya kawaida inakwenda kati ya mizunguko 600 na 3,000 hivi kwa dakika, na mkononi mwa aliyeizoea hakuna kinachoondoa alama za msasa haraka kama yeye na pedi ya sufu. Kama kazi yako ni kunyoosha rangi mpya iliyopigwa msasa wa maji, rotari inapanda mpaka nafasi ya kwanza na orodha hii haikuhusu.

Kwa mwenye gari lake, hali ni nyingine. Joto linajikusanya mahali pamoja, na ukingo wa boneti ambapo klia ni nyembamba zaidi unaweza kufikia rangi ya chini ndani ya sekunde chache. Bampa za plastiki ni mbaya zaidi kwa sababu plastiki haisambazi joto kama bati. Halafu kuna zile alama za kivuli kama moshi zinazotembea na jua ukizunguka gari. Kivulini gari linang'aa, ukilitoa juani linaonekana limepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Alama hizo ndizo saini ya rotari isiyomaliziwa na pedi laini, na kuziondoa utahitaji DA. Afadhali ungeanza na DA.

Mashine ndogo

Zile za pedi ya inchi 2 au 3 nimeziacha nje ya nafasi kwa makusudi. Ni nzuri sana kwenye vioo vya pembeni, chini ya vitasa na kuzunguka taa, lakini ni mashine ya pili. Ukianza nayo kwenye paa utakesha.

Za kuacha dukani

Ipo mashine pana yenye mikono miwili na kofia ya kitambaa, bei yake ya kuvutia. Hiyo ni ya kupakia na kufutia nta. Haina nguvu ya kuchonga klia, kwa hiyo mikwaruzo itabaki imefunikwa mpaka gari lioshwe mara kadhaa.

Grainda yenye pedi ni hatari tupu: grainda ndogo ya kawaida inakwenda karibu mizunguko 11,000 kwa dakika, zaidi ya mara tatu ya mwisho wa rotari. Drili yenye pedi haichomi haraka hivyo, lakini ni vigumu kuilaza bapa, na alama zake ni zilezile za rotari bila faida zake.

Pedi ni nusu ya mashine

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Mtu ananunua mashine nzuri, pedi mbili, na chupa moja ya kompaundi (polishi kali ya kukatia), kisha analalamika kwamba haikati. Pedi ikishajaa vumbi la klia na polishi iliyokauka haifanyi kazi, na kuisafisha kwa brashi kila baada ya eneo moja kunasaidia mpaka kiwango fulani tu. Ikipata moto na kulowa, sponji linalegea. Kwa gari zima uwe na pedi kadhaa za kukatia na kadhaa za kumalizia, ubadilishe kabla hazijachoka. Pedi ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi laini sana) inakata zaidi ya sponji kwenye DA. Sponji laini ndilo la kumalizia.

Na usianze na pedi kali. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50, bandika tepu ya karatasi pembeni, jaribu pedi laini na polishi laini kwanza. Ikitosha, umeokoa klia. Isipotosha, panda ngazi moja.

Kabla ya kulipa

Ishike mashine mikononi kama utakavyoishika kwenye mlango, pembeni na kwa urefu wa kiuno, siyo kama unavyoipima mezani. Mashine inayoonekana nyepesi juu ya boneti inakuwa nzito kwenye mlango. Iwashe bila mzigo: mtetemo mkali hapo dukani hautapungua nyumbani. Swichi nzuri inaanza taratibu, na spidi haishuki sana ukikandamiza. Hiyo ina maana kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi. Waya mfupi utakulazimisha kuburuta kiunganishi cha umeme juu ya rangi uliyotoka kuisafisha. Za betri zinaondoa kero hiyo, lakini uwe na betri mbili au zaidi, kwa sababu kazi hii inazimaliza haraka.

Angalia volti, hasa ukiagiza kutoka nje: ya 110 hadi 120 haitakwenda kwenye umeme wa 220 hadi 240. Angalia pia nyuzi za ekseli. Rotari za Ulaya kwa kawaida ni M14 (milimita 14), za Marekani inchi 5/8, na bamba la moja halifungi kwenye nyingine. Bamba lenyewe huchakaa, kwa sababu joto linalainisha vinasio vinavyoshika pedi, na siku vinapoachia pedi huruka. Mwambie muuzaji akuonyeshe bamba la akiba la mashine hiyohiyo kabla hujatoa pesa. Akishindwa, nenda duka la jirani.