Seti ya BD Stemflow: inafaa kwa seli za chupani, si kwa uboho mbichi

Ukishakuza seli shina za mesenkaima (zinazoweza kugeuka mfupa, mafuta au gegedu) kutoka kwenye uboho wa binadamu, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama zina protini za juu ya seli ziitwazo CD73, CD90 na CD105. Sharti hilo liliwekwa mwaka 2006 na jumuiya ya kimataifa ya tiba ya seli, ISCT. Protini hizo tatu zionekane kwenye asilimia 95 ya seli au zaidi, na alama za ukoo wa damu, kama CD45 na CD34, zisizidi asilimia 2. Seti hii ya kampuni ya BD, ya kingamwili zenye rangi zinazonasa protini hizo na kusomwa kwa saitomita ya mtiririko (mashine inayopima mwanga wa seli moja moja), imetengenezwa kujibu swali hilo, na hapo ndipo inapostahili bei yake.

Kingamwili ya CD90 imebebeshwa rangi ya FITC, ya CD105 PerCP-Cy5.5, ya CD73 APC. Kingamwili tano za kuthibitisha kutokuwepo, yaani za CD34, CD45, CD11b, CD19 na HLA-DR, zote zimebebeshwa rangi moja, PE. Mpango mzuri: rangi nne tu, kwa hiyo hata saitomita ya FACSCalibur ya zamani iliyonunuliwa kwa vipimo vya CD4 itazisoma. FACSCount, mashine ndogo ya kuhesabu CD4, haitaweza. Kasoro ni kwamba mwanga wa PE ukipanda, hujui ni ipi kati ya zile tano. Mshukiwa wa kwanza ni HLA-DR, kwa sababu seli hizi huanza kuionyesha zikikutana na interferoni gama, hata pasipo uchafu wa seli za damu. Weka kingamwili ya HLA-DR peke yake pembeni, yenye rangi nyingine.

Bandua seli kwenye chupa kwa Accutase, vimeng'enya visivyo vikali kama tripsini. Tripsini ikikawia hukata protini za juu ya seli, na alama zitaonekana hafifu kuliko zilivyo. Pitisha kwenye chujio la mikromita 70, maana seli hizi ni kubwa, hugandana na kuziba mashine. Andaa seli milioni 10 kwa mililita, weka mikrolita 100 kwa kila tyubu, kisha mikrolita 20 za mchanganyiko chanya (CD90, CD105 na CD73) na 20 za mchanganyiko hasi (zile tano za PE). Dakika 30 kwenye barafu, gizani. Osha mara mbili, soma siku hiyohiyo.

Wengi huharibikiwa kwenye kusawazisha rangi, yaani kuondoa mwanga wa rangi moja unaoingia kwenye kipimo cha nyingine. CD90 hung'aa mno kwenye seli hizi, na mwanga wa FITC humwagikia PE, ukapata asilimia 6 au 7 za seli za damu zisizokuwepo. Kingamwili za rangi moja moja zimo ndani ya seti kwa kazi hiyo. Usiziruke ili kuokoa seli. Seli zilizokufa nazo hunasa kingamwili ovyo, lakini usizitambue kwa rangi ya 7-AAD, kwani mwanga wake hugongana na wa PerCP-Cy5.5. Kama mashine ina leza ya zambarau, tumia rangi ya DAPI.

Sasa mipaka. Faibroblasti za ngozi nazo zina CD73, CD90 na CD105, hivyo zitafaulu mtihani huu bila taabu. Kwenye uboho mbichi, ambako seli tunazozitafuta hazifiki hata moja kwa kila seli 10,000 zenye kiini, tafuta alama nyingine, CD271 pamoja na CD146. CD44 iliyomo kwenye seti kama nyongeza haisaidii huko: seli huanza kuionyesha zikishakuzwa chupani.

Upande wa jeni seti haigusi kabisa. RUNX2 ya mfupa, PPARG ya mafuta na SOX9 ya gegedu zinahitaji qPCR (kipimo cha kiasi jeni inavyofanya kazi), baada ya seli kuchochewa zigeuke kwa takriban wiki tatu, na rangi ya Alizarin Red (madini ya mfupa) au Oil Red O (mafuta) kuthibitisha kwa macho. Ukiagiza vianzishi vya qPCR (vipande vifupi vya DNA) vya alama zenyewe, tumia majina ya jeni: NT5E kwa CD73, THY1 kwa CD90, ENG kwa CD105.