Lenzi ya mkono kutoka duka la pembejeo, Malindi mjini
Nimeitumia masika yote kwenye mahindi yangu hapa Gede. Inakuza mara 10, nilinunua shilingi 400. Zamani kila yai la mdudu kwangu lilikuwa adui. Sasa natofautisha: ya viwavijeshi vamizi yamerundikana, mara nyingi yamefunikwa manyoya kama ukungu, ya bungua, mdudu anayetoboa shina la mahindi, ni bapa, yamepandana kama magamba ya samaki. Na yale yaliyosimama juu ya kijiti chembamba kama uzi, msiyaguse jamani! Ni ya mdudu rafiki, watoto wake hula vidukari. Niliyaponda mengi, hadi leo naumia. Kamba ya lenzi ilikatika wiki ya pili, nikafunga ya ukindu. Muuzaji alinifundisha kuishika: lenzi ikae karibu na jicho, jani ndilo lisogezwe.