Buji (mshumaa) kwenye sheni ya kinga: miezi minane na nta hapa Lubumbashi

Anayenifahamu huku Katuba ananifahamu kwa vitu viwili: mikate ya asubuhi, na mstari mweusi kwenye mguu wa kulia wa suruali. Mstari ule ni kazi ya sheni (mnyororo). Ninatoka na kinga yangu (baiskeli, kwa wasomaji wa mbali) saa kumi na moja alfajiri, nachukua mikate Kampemba, nazunguka Kenya (mtaa wa hapa, si ile nchi) na Katuba, na ikifika saa nne nimeshamaliza kilomita 25 hivi. Siku sita kwa wiki. Kwa mtu wa kazi hii sheni ni mshahara. Tena hakuna mama anayefurahi kupokea mkate kwa mtu mwenye vidole vya makanika.

Kwa miaka sita nilipaka kama kila mtu anavyopaka: vidanje, yale mafuta meusi yanayomwagwa kutoka injini ya gari. Ukipita garaji na kichupa chako wanakujazia bila maneno. Siku mbili za kwanza sheni inanyamaza kabisa. Siku ya tatu vumbi letu, lile jekundu linaloingia hata ndani ya chungu kilichofunikwa, limeshakunywa mafuta yote, na kinachobaki kwenye sheni ni uji wa msasa. Unaongeza vidanje, uji unazidi. Sauti inapotea, ndiyo, lakini kule ndani chuma kinasagwa kimyakimya.

Watu husema sheni imerefuka. Ukiipima ni kweli imerefuka, ila hakuna aliyeivuta. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya bomba dogo, na juu ya bomba kuna kigurudumu kinachokalia jino la plato, lile gurudumu la meno la kwenye pedali. Pini zikiliwa kidogo tu, unene wa unywele, na pini zenyewe ni mia na kitu, urefu wote unaongezeka. Sheni ya namna hiyo haikai tena vizuri kwenye meno. Inapanda juu, inayala, mpaka plato na pinyo (gurudumu dogo la meno la nyuma) vinabaki na ncha kali kama msumeno, na hapo hata ukinunua sheni mpya itaruka tu.

Mimi napima kwa mita ya chuma ya seremala, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, yaani hatua 24. Kila hatua ni milimita 12.7, kwa hiyo sheni mpya inatoa karibu 305. Ikifika 308 imepita asilimia moja, na kwa kinga yetu isiyo na gia hapo ndipo pa kuitoa. Wenye gia 11 au 12 hawangoji kufika huko, wao wanatupa kwenye nusu asilimia. Sheni zangu za vidanje zilikuwa zinafika 308 baada ya miezi mitano. Moja haikumaliza hata minne.

Habari ya nta niliiona kwenye simu, kwa watu wa mashindano Ulaya wanaochemsha sheni kama mihogo. Wengi wao wanahubiri wepesi: ukipaka nta utaruka. Hilo sikulichukua. Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, James Spicer na wenzake walipima sheni za kinga wakaona zinaweza kupitisha mpaka asilimia 98.6 ya nguvu ya miguu, na kwamba kubadilisha aina ya mafuta hakukuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo mwenye sheni safi hana nguvu nyingi za kuokoa. Lakini maabara ile haikuwa na barabara ya Katuba ndani yake. Kilichonivuta ni maneno mengine yaliyosemwa kama kwa kupita: nta ikiganda ni kavu, na vumbi halishiki kwenye kitu kikavu.

Nilianza vibaya. Nilinunua nta ya nyuki kwa mama muuza asali, bonge la njano linalonukia vizuri, nikaiyeyusha nikatumbukiza sheni. Siku moja tu! Nta ya nyuki inanata, mwenye kuigusa anajua, na mimi niliigusa nikaona inanata na bado nikaipaka. Jioni sheni ilikuwa nyekundu kama imevaa sweta. Kuitoa kulinichukua Jumapili nzima.

Ndipo nikahamia kwenye buji. Buji nyeupe za kawaida, zile za umeme unapokatika, ni parafini kwa sehemu kubwa. Za rangi au za marashi achana nazo. Nilichukua nane, nikazikatakata, nikatoa tambi, nikaweka vipande ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Lakini kabla ya nta kuna kuosha, na huku ndiko wengi wanaharibu. Nta haiwezi kuingia mahali ambapo mafuta yamekaa, na hata sheni mpya ya dukani imejaa grisi ya kiwandani. Fungua ile atashi, kiungo chenye klipu ndogo (wakati wa kurudisha, upande wa klipu uliofungwa ndio unaotangulia mwendo, ukigeuza inaweza kuchomoka njiani). Tia sheni ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, mimina petroli, tikisa. Petroli ninayosema ni ya hapa kwetu Kongo, yaani mafuta ya taa. Msomaji wa Dar au Nairobi asije akaenda kuchukua ya kuendeshea gari akanilaumu mimi. Petroli ya kwanza ilitoka nyeusi kama kahawa. Ya pili ilifanana na chai. Ya tatu niliona mpaka upande wa pili wa chupa. Kisha alkoli ya kuchomea kutoka famasi, kuondoa utelezi unaobaki, na sheni inaachwa ikauke juani. Ile petroli chafu usiimwage uwanjani: iache itulie siku mbili, uchafu unashuka chini, ya juu unaichuja na kuitumia tena.

Mara ya kwanza niliweka kopo moja kwa moja juu ya babula (jiko la makaa). Parafini ilianza kutoa moshi mweupe, mke wangu akapiga kelele kutoka ndani, nikaondoa kopo kwa koleo huku mkono unatetemeka. Alisema ukweli. Moshi ule ukikutana na cheche, unawaka. Sasa kopo linakaa ndani ya sufuria ya maji, na sufuria ndiyo inayokaa juu ya makala (makaa). Parafini ya buji inayeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, na maji yanayochemka hayawezi kupita 100. Hapa kwetu, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hata 100 hayafiki. Moto haupati nafasi ya kukuzidi akili. Sufuria yenyewe nilinunua ya pili, baada ya mazungumzo marefu ambayo sitayaandika hapa.

Nikaning'iniza sheni kwenye waya na kuishusha polepole. Hapa ningependa kila mtu aone kwa macho yake: vipovu vidogo vinaanza kupanda kutoka kila kiungo, mia kwa mara moja, kama samaki wanapumua chini. Hiyo ni hewa inatoka na nta inaingia mahali pake, kati ya pini na bomba. Unaitikisa kidogo, vinapanda vingine. Ukiitoa sasa umejidanganya. Ngoja dakika kumi, kumi na tano, mpaka sheni yenyewe ishike joto la nta na vipovu vinyamaze. Nilipoitoa na kuitundika kwenye msumari, baada ya nusu saa ilikuwa imekuwa fimbo. Unaishika ncha moja, inasimama yenyewe! Watoto wa jirani waliipiganisha kama upanga. Inabidi kuipitisha juu ya bomba la chuma, kuivunja kiungo kwa kiungo mpaka ilegee, na vumbi jeupe la nta linaanguka chini.

Siku ya kwanza barabarani nilidhani kuna kitu kimekatika, kwa sababu sikusikia kitu.

Fundi wangu wa Kenya, mzee ambaye namwita papa ingawa si ndugu yangu, aliniona nanunua buji kwenye meza ya jirani yake.

"Mwanangu, buji mingi vile, kinga inaenda kusali?"

"Ni za sheni, papa."

Aliinama, akapitisha kidole chake kwenye sheni, akakitazama. Safi. Akakipitisha tena, sasa kwa nguvu, kama mtu anayetafuta uongo. "Njo vile?" akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nta hii si ya kupaka ukasahau. Kwangu inadumu kilomita 300 hivi kwenye kiangazi, yaani wiki mbili. Baada ya hapo sauti kavu inaanza, na ukiendelea kukanyaga na ile sauti unakula pini zako mwenyewe. Kwa kuwa siwezi kukosa kazi Jumatatu kwa sababu ya kopo, nilinunua sheni mbili: moja iko kwenye kinga, nyingine imetundikwa tayari. Jumapili ya zamu nazibadilisha, naifuta ile iliyotoka kwa kitambaa na maji ya moto, ikikauka inaingia kwenye kopo. Haihitaji petroli tena, na hapo ndipo raha ilipo.

Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zile ambazo unapumua moshi na vidole havikunjiki, parafini tupu iligoma. Baridi inaifanya kavu mno, inapasuka na kudondoka vipande vipande, sheni ikawa na mba. Nikaongeza vijiko viwili vya mafuta ya parafini, yale ya famasi wanayowapa watu wenye tumbo gumu. Muuza-dawa aliniangalia kwa huruma, sikumweleza. Nta ikalainika, mba ikaisha. Usizidishe lakini, ikianza kunata umerudi kwa mama muuza asali.

Mwisho wa mwezi wa kumi nilipima zote mbili. Moja ilisimama 305 na nusu, nyingine karibu 306. Nitakuwa mkweli: zilikuwa zinapokezana, kila moja imefanya nusu ya kazi, na zile za vidanje zilipitia na mvua pia. Hata hivyo, kwa kilomita zilezile nilikuwa nimezoea kuwa tayari na sheni moja jalalani na nyingine inaanza kulalamika. Kwa hesabu ya pesa tupu faida si ya kujengea nyumba. Sheni nanunua franka 15,000, na buji, petroli, alkoli na kopo la kwanza vilikaribia bei hiyo. Ninachookoa kweli ni plato na pinyo, ambavyo ni ghali zaidi, na suruali. Mstari mweusi haupo. Mama mmoja wa Katuba aliniuliza kama nimeoa.

Kisha mvua ikaja, na hapa naipunguzia nta alama. Mvua ya kwanza kubwa ilinikuta njiani na makreti matatu. Nilifika nimelowa, nikaegemeza kinga ukutani, nikalala. Asubuhi sheni ilikuwa ya rangi ya chungwa, inalia kama panya kwenye mtego. Nta inafukuza vumbi lakini hailindi chuma kilichonyeshewa usiku kucha kama mafuta yanavyolinda. Ukiwahi kuifuta na kuikausha jioni ileile, sawa. Ukichoka, umekwisha. Shemeji yangu dereva aliniletea kutoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, kichupa cha nta ya kudondosha, imechanganywa na maji, nyeupe kama maziwa, bei yake sheni tatu. Haihitaji moto wala kufungua kitu, lakini inataka sheni safi na usiku mzima wa kukauka. Mimi niliipaka saa kumi na moja asubuhi nikaondoka nayo, ikaishia yote kwenye suruali, sasa kwa mstari mweupe. Nikifuata masharti inafaa kuongezea katikati ya wiki, si zaidi.

Kwa hiyo tangu mwezi wa kumi na moja natumia mafuta mepesi ya mashine ya kushona, tone moja kwa kila kigurudumu, na nafuta yote yaliyobaki nje. Kopo la nta limefunikwa, linangoja mwezi wa tano.

Wiki iliyopita nilipumzika kivulini pamoja na mbeba makala aliyetoka barabara ya Kasenga, magunia manne juu ya kinga, anaisukuma kwa mikono. Nikamweleza yote: kopo, vipovu, wiki mbili. Alinisikiliza kwa heshima. "Yaya (kaka), miye nalala njiani," akasema. "Ile babula ya kuchemshia sheni nitaibebea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikampa nusu ya kitambaa changu, nikamwambia angalau afute ule uji kabla ya kuongeza vidanje. Alifuta hapohapo, kiungo kwa kiungo, huku anageuza pedali kwa mkono. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa kizito kwa uji mweusi, akakikunja vizuri akakiweka mfukoni.